Mzee wa Kofia na Krismasi ya Mgwashi

Niliondoka Korogwe kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ya kukata mkonge ilikuwa imenichosha mikono, na mikono yangu ikichoka, miguu huanza kuwasha. Ya pili, nilisikia kwamba kule Moshi kuna mlima wenye barafu kichwani mwaka mzima, nami kitu ninachokisikia bila kukiona huninyima usingizi. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Shule niliiacha darasa la tano, na wala sikufukuzwa. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na mwalimu alipogeukia ubao mimi nilikuwa nayatazama malori. Siku moja nikaona ni afadhali niende nikayatazame kwa karibu. Mpaka leo sijamaliza.

Basi, siku moja kabla ya Krismasi, nilipanda basi la Moshi nikiwa na kifurushi cha nguo na ndizi za njiani. Mngeniuliza asubuhi ile Krismasi nitailia wapi, ningewajibu bila kufikiri: Moshi, nikiitazama barafu. Niliila mahali pengine kabisa, na aliyenipeleka huko ni mtu ambaye, kwa kumtazama tu, msingemdhania kuwa na habari yoyote na Krismasi.

Mombo, kabla ya saa sita. Mombo ni pale ambapo barabara kuu inapita chini ya milima ya Usambara na kuiacha juu huko kama haijaiona. Joto lake halina huruma. Dereva wetu alisimama ili injini ipumue, na sisi tukashuka tupumue pamoja nayo. Akina mama walikuwa wamepanga vibakuli vya plamu zilizoteremka milimani, nyekundu hata ungedhani zimepakwa rangi. Nilinunua kibakuli kimoja, nikatafuta kivuli. Kivuli chenyewe kilikuwa cha ukuta wa duka, na kilikwisha kuwa na mwenyewe: mzee mmoja mwembamba, kanzu, kofia ya viua, tasbihi mkononi, na miguuni makatambuga ya mpira wa gari. Alikuwa amekalia fuko la mchele kama kuku anayelalia mayai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari la Soni umeliona?"

"Mimi mgeni hapa. Unakwenda Soni?"

"Soni napita tu. Nakwenda Mgwashi. Nawahi Krismasi."

Nikaitazama kofia. Nikaitazama tasbihi.

"Krismasi, mzee?"

"Kwani imehamishwa?"

"Haijahamishwa. Ila, na kofia hiyo..."

"Bila kofia hii," alisema, akiigusa kwa kidole, "kwetu hakuna Krismasi."

Akarudi kwenye tasbihi yake kama mtu aliyekwisha eleza kila kitu. Basi letu likapiga honi. Abiria wakakimbilia mlangoni. Utingo akaniita: "We mwenye plamu, unabaki?" Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nikageuka, nikamwona mzee yule ametulia juu ya mchele wake, hana wasiwasi kama nitajua au sitajua. Hilo ndilo lililoniua. Barafu, nikajiambia, haiendi popote. Nikavuta kifurushi changu nikashuka. Utingo akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, basi likaondoka.

Njia ya Soni. Gari dogo lililotupandisha lilijaa magunia, kuku na watu wenye makoti, na mimi nikawacheka moyoni kwa makoti yao. Njia inapanda ikijikunja, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu. Kadiri tulivyopanda, joto la Mombo lilibaki chini, na kabla hatujayaona maporomoko ya Soni mimi nilikuwa nimekwisha vaa mashati yangu yote mawili. Mzee, aliyekwisha sikia ninakotoka, akanirushia gunia tupu. "Jifunike. Watu wa mkonge mkija huku mnadhani Mungu amewasahau."

Nikajifunika, nikamuuliza jina. Aliitwa Mzee Hemedi. Nikamuuliza la kofia, na safari hii alinihurumia.

Nyumba yake ilikuwa kwenye kigongo cha mlima, na kigongo kizima kilikuwa na nyumba mbili tu, yake na ya Baba Namsifu, Mlutheri wa kuzaliwa. Kati yao ni migomba, na watoto walikwisha tengeneza njia katikati ya migomba hiyo hata hakuna aliyejua mpaka ulipo. Siku ya Idi, Baba Namsifu ndiye huwachunga ng'ombe wa nyumba zote mbili na kupasua kuni, ili Mzee Hemedi na watu wake waende kuswali wasiwe na haraka. Siku ya Krismasi, Mzee Hemedi huchinja.

"Akichinja mwenyewe, watakula wao," alisema. "Nikichinja mimi, tunakula wote. Watoto wanakula sinia moja. Ndiyo Krismasi yenyewe hiyo, mwanangu. Matarumbeta ya kanisani ni mapambo tu."

"Na mwingine hawezi kuchinja?"

"Wapo, ng'ambo ya bonde. Lakini siku hiyo kila mmoja anawahi kwa majirani zake."

"Na mkeo?"

"Bi Fatuma? Akiona kidole kimekatwa na wembe anakaa chini. Jogoo je?"

Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Mwaka uliopita alikuwa ameteremka Korogwe kumwuguza dada yake. Mvua ikakata njia, akafika Mgwashi siku ya pili ya Krismasi. Baba Namsifu alimngoja mpaka alasiri, watoto wakalia njaa, mwisho akachinja mwenyewe. Zubeda, mjukuu wa Mzee Hemedi, alikula mayai ya kuchemsha nyumbani kwao, huku akisikia sinia likigongwa upande wa pili wa migomba.

"Nilipofika hakunililia," Mzee alisema. "Aliniuliza tu: Babu, kwani sisi tumefanya nini?"

Gari likazunguka kona, Mzee akalishika fuko la mchele lisiteleze.

"Mwaka huu dada kaniita tena. Nimekwenda. Lakini nimemwahidi Zubeda nitarudi kabla kisu hakijaguswa. Yeye na Namsifu wamenikunjia vidole. Watoto wakikukunjia vidole, wewe umekwisha."

Hapo nikaelewa kwamba nimepanda gari la watu wenye shughuli kubwa kuliko barafu.

Soni, alasiri. Tuliambiwa hakuna gari la Bumbuli, njia ya kwenda Mgwashi, mpaka baada ya sikukuu. Mzee hakubishana. Alikwenda kusimama katikati ya barabara na fuko lake, na lori la chai lililokuwa likirudi tupu Mponde likalazimika kusimama, maana lingemkanyaga. Dereva akatoa kichwa.

"Mzee, unataka kufa?"

"Kesho kutwa. Kesho nina kazi."

Tukapanda nyuma. Mvua ikatukuta njiani, mvua nyembamba ya huko ambayo hainyeshi bali inakaa. Mahali fulani kabla ya Bumbuli, mlima ulikuwa umeteremsha kipande chake barabarani, tope jekundu. Lori likajaribu, likateleza, likalala ubavu mtaroni polepole, kama ng'ombe aliyechoka. Tulisukuma mpaka kanzu ya Mzee ikafanana na barabara. Lori halikutikisika. Dereva akaketi juu ya tairi akawasha sigara. "Krismasi," alisema, "nitailia hapa hapa."

Nikaweka mchele kichwani, Mzee akashika kifurushi changu, tukaingia Bumbuli kwa miguu jua likiwa linazama.

Bumbuli. Mzee alikuwa na mwenyeji, fundi cherehani aliyeitwa Samweli, na mlango wake hukuhitaji kuuliza. Ulisikia cherehani tangu mbali. Ndani mlijaa kitambaa kimoja: kijani kibichi chenye mananasi ya njano. Kilikuwa mezani, sakafuni, ukutani na mabegani mwa fundi mwenyewe.

"Karibuni, kaeni juu ya mananasi," fundi alisema bila kuinua macho. "Mzee Hemedi, umetoka kulima wapi?"

"Tumelima barabara ya Soni. Nguo za wasichana wangu?"

"Hizo hapo. Mbili. Zubeda na Namsifu, kipimo kimoja."

Nikauliza kwa nini kila kitu ni mananasi. Fundi akasimamisha cherehani ili anijibu vizuri. Mwaka ule nguo zilikuwa adimu. Duka la ushirika lilipata majora ya aina moja tu, na bila kitambaa kingine cha kuchagua, akina mama wote wa milima ile waliinunua hiyo hiyo.

"Kesho watoto wote kuanzia hapa mpaka Mponde wamevaa mananasi," alisema. "Mtoto akipotea, msitaje nguo. Tajeni pua."

"Na hilo shati lako?"

"Masalio. Mke wangu ana pazia."

Tulikula makande yake ya moto, tukalala juu ya vipande vya mananasi. Nilisinzia nikisikia cherehani, na kati ya cherehani nikamsikia Mzee akimwuliza fundi kama mvua imepungua. Aliuliza hivyo kila alipojigeuza.

Asubuhi ya Krismasi. Tulitoka umande ukiwa bado mweupe kwenye majani. Ukungu ulikuwa umejaza mabonde, na vilele vilitokeza juu yake vimetengana, kila kimoja na moshi wake wa jikoni. Mashamba ya chai yalikuwa yamenyolewa sawasawa kama vichwa vya watoto wa shule. Tulikutana na familia nzima nzima zikienda kanisani, baba mbele na koti, mama na mtoto mgongoni, na nyuma yao mananasi, mananasi, mananasi.

"Onga maundo!" walitusalimu, na mimi nikajifunza kuitikia "Niwedi," hata nikaanza kuwasalimu watu kabla hawajanisalimu, mpaka Mzee akaniambia nisimalize salamu zote, kuna watu mbele.

Goti lake lilianza kuuma tulipokuwa tunateremka bonde la mwisho. Alianza kuteremka kiubavu, kama kaa. Hapo ndipo matarumbeta yalipolia, kutoka kigongo cha mbele, makubwa na manene, yakipita juu ya ukungu.

"Wanaanza," nilisema kwa furaha.

"Hayo ni ya kuingia," Mzee alisema. "Yakilia tena ni ya kutoka. Yakilia tena, Baba Namsifu anarudi nyumbani ananoa kisu."

"Si atakungoja?"

"Mwaka jana alingoja. Watoto wadogo wana njaa, mkewe ameweka maji motoni. Mtu mwema hangoji mara mbili."

Huko chini kijito kilikuwa kimefura kwa mvua ya jana, na gogo la kuvukia lilikuwa limekwenda na maji. Mzee akaketi akavua makatambuga. Mimi nikainua mchele kichwani kwa mikono miwili, nikaingia. Maji yalikuwa baridi hata nikasahau jina langu. Katikati jiwe likaniteleza, nikazama mpaka kifuani, lakini mikono ikabaki juu.

"Mchele!" Mzee akapiga kelele kutoka ukingoni.

"Mimi mzima, mzee!"

"Sikukuuliza wewe! Wewe utakauka!"

Nilirudi kumchukua. Nikambeba mgongoni, na ninawahakikishia kwamba mzee mwembamba akibebwa anakuwa mnene. Nguo mbili za mananasi alizishika juu ya kofia yake. Tulikuwa tunapanda upande wa pili, pumzi zikitutoka kwa kelele, matarumbeta yakalia mara ya pili.

Mzee akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa.

"Twende tu," alisema. "Hata kuchelewa nako kuna kuwahi kwake."

Sikuelewa, lakini nilikwenda.

Mgwashi, kigongoni. Nyumba mbili, migomba kati yake, kama alivyosema. Picha niliyoikuta sitaisahau. Katikati ya uwanja alisimama Baba Namsifu, mtu mkubwa, koti la kanisani bado mwilini, kisu mkononi, akiinua tenga moja baada ya jingine na kuchungulia chini. Mama Namsifu alikuwa jikoni na sufuria inayotokota maji matupu. Barazani mlikuwa na tawi la mti wa krismasi lililosimamishwa ndani ya debe la mchanga, limefungiwa plamu kwa nyuzi za katani na karatasi za kung'aa za pakiti za chai. Chini yake waliketi watoto watatu kwa mstari: Namsifu wa miaka sita hivi, mdogo wake Eliya ambaye bado suruali ilikuwa ikimshinda, na Zubeda. Wasichana walikuwa na magauni ya zamani, Eliya ndiye peke yake mwenye mananasi. Midomo yao ilikuwa imefungwa kama milango ya duka Jumapili.

Upande wa pili wa migomba, juu ya kigoda kilichoziba mlango wa nyumba yake, Bi Fatuma alikuwa akipepeta mahindi ambayo yalikwisha pepetwa.

"Balozi hayupo!" Baba Namsifu alitupokea kwa neno hilo, hata salamu alisahau.

Nilishtuka, nikadhani balozi wa nyumba kumi ametoweka. Kumbe Balozi ni jogoo. Watoto walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaamsha watu alfajiri waende shamba la kijiji, na alikuwa hasikilizi udhuru wa mtu.

"Asubuhi tulimwacha hapa," Baba Namsifu alisema. "Tumetoka kanisani, hayupo. Watoto hawakumwona. Mama huyu hakumwona."

"Mimi ni Mwislamu," Bi Fatuma alisema kutoka kigodani, akipepeta. "Mambo ya Krismasi siyajui."

Mzee Hemedi alikuwa bado anahema. Alikitazama kisu. Akamtazama jirani yake usoni.

"Na ungempata?"

Baba Namsifu akashusha mkono.

"Ningechinja, mzee. Sitakudanganya. Eliya hajala tangu asubuhi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mbio na goti hili."

Hapo Zubeda alisimama. Alikuja polepole, akamshika babu yake mkono, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, kama mama sokoni anayechagua viazi. Akaitazama kanzu yenye tope. Akanitazama mimi niliyelowa. Kisha akageuka, akamwitikia Namsifu kwa kichwa. Namsifu naye akafungua mdomo ili aseme jambo kwa taratibu zake, lakini Eliya alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Yuko kwa babu! Chini ya kitanda!"

"Eliya!" wasichana wakalia pamoja.

Bi Fatuma akasimama na ungo wake, akasogeza kigoda, akatazama mbinguni kama anayeangalia mvua. Tukaingia sote. Chumbani kwa Mzee Hemedi, chini ya kitanda chake, kulikuwa na tenga lililofunikwa kwa blanketi zito. Namsifu akavuta blanketi. Balozi akaona mwanga, akadhani kumekucha, akawika kwa nguvu zake zote ndani ya kile chumba kidogo, kitanda chote kikatetemeka.

"Akiwa gizani anadhani ni usiku," Namsifu alieleza. "Hawiki."

"Tulimpa mahindi," Zubeda aliongeza. "Tulisema babu akija tutamtoa. Asipokuja, akae."

"Akae mpaka lini?" baba yake Namsifu aliuliza.

Wasichana wakatazamana. Ni wazi hilo hawakuwa wamelifikiria. "Mpaka babu aje," Zubeda alisema.

"Na nani aliyewafundisha habari ya giza?"

Watoto wote watatu walimtazama Bi Fatuma. Bi Fatuma aliutazama ungo.

Baba Namsifu aliketi juu ya kile kitanda, koti na kisu na yote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa tai. "Nimepita mlango huu mara ngapi! Nimemwuliza mama huyu! Nikaambiwa yeye ni Mwislamu!"

"Kwani nilisema uongo?" Bi Fatuma alijibu.

Mchana. Mzee Hemedi alioga, akavaa kanzu safi, akatoa kisu chake kutoka kwenye kitambaa, akamaliza kazi nyuma ya migomba pasipo na watoto. Mchele wangu, nauita wangu kwa haki ya kijito, ukaingia kwenye sufuria. Wasichana wakavaa mananasi. Nilipangiwa kukaa jikoni nikauke, lakini harufu ilikuwa inanitesa, nikahamia barazani.

Huko kulikuwa na taratibu zao. Kabla ya kula, Namsifu alisimama mbele ya lile tawi akasema aya aliyoisema kanisani, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kupumua, kisha akapumua. Zubeda akawasha mshumaa. Mshumaa ni kazi yake kila mwaka, nilielezwa, kwa sababu Namsifu anaogopa kiberiti. Halafu kila mtoto akachuma plamu moja mtini, mdogo kwanza. Eliya alichuma tatu, ikatangazwa kwamba ni moja.

Ilikuja shida ya mahali pa kunikalisha.

"Huyu ni wa kwetu au wa kwenu?" Namsifu aliuliza.

"Anaitwa nani?" Zubeda aliuliza.

"Chuma," nilisema.

Wakafikiri. Jina hilo halikuwasaidia.

"Huyu ni wa njiani," Mzee Hemedi alisema. "Wa njiani wanakaa popote."

Nikakaa na watoto, na sijajuta. Sinia likaja, moja, linafuka moshi, na katikati yake Balozi akiwa amestaafu kazi kwa heshima. Juu kabisa Mama Namsifu alikuwa ameweka firigisi, na kila mtu alijua ni ya nani. Firigisi ni ya aliyechinja. Mzee Hemedi akaichukua, akaigeuza kidogo, akampa Zubeda.

Zubeda aliitazama. Nadhani katika mwaka mzima tangu yale mayai ya kuchemsha hakuna kitu alichokingoja kama kile. Akaiuma nusu, sawasawa kabisa, akaitoa mdomoni, akampa Namsifu nusu iliyobaki. Namsifu akaitia mdomoni bila hata kuitazama, akiwa anazungumza habari ya jambo jingine. Wakaendelea kula.

Mzee Hemedi aligeuza uso akawa anatazama migomba. Nikamwona akivua kofia yake, akaipangusa, ingawa ilikuwa safi, akaivaa tena.

Safari ya kurudi. Niliondoka siku ya pili yake. Watoto wote watatu walinisindikiza mpaka kijitoni, ambapo maji yalikuwa yamepungua na kunifanya nionekane mwongo. Nilipewa plamu nyingi kuliko nilizoweza kubeba, na Eliya akanisaidia kupunguza mzigo kwa kula. Niliwashukuru kwa lugha yao, "Hongea sana," wakaniambia nimetamka kama mbuzi.

"Mwakani babu atakwenda tena kwa dada yake," Zubeda alisema.

"Ndiyo."

"Na goti lake linauma."

"Ndiyo."

Akakunja kidole kidogo, akakinyoosha mbele yangu. Namsifu naye. Eliya, ambaye hakujua ni habari gani, akanyoosha mkono mzima. Nikakunja. Nilikuwa nimekwisha onywa maana yake.

Moshi nilifika. Barafu niliiona asubuhi moja, mawingu yalipofunguka: nyeupe, juu, kimya. Ni nzuri kweli. Niliitazama mpaka shingo ikauma, na baadaye nikakuta sina la kumwambia mtu. Watu wanaponiuliza nimeona nini kaskazini, najikuta nawaeleza habari ya kitanda kilichowika. Nilichojifunza ni kidogo, na sijui kama kinastahili safari yote ile: kwamba kwa watu wa kigongo kile, sikukuu haianzi siku yake inapofika. Inaanza anapofika mtu fulani, na huyo mtu anaweza kuwa hata si wa sikukuu hiyo. Na nyinyi mnaonijua, mnaosema Chuma hana mahali anapongojwa, mjue kwamba maneno hayo yamepitwa na wakati.

Mwaka uliofuata nilikuwa mbali, nikibeba magunia stesheni fulani ya Reli ya Kati. Desemba ilipoingia miguu ikaanza kuwasha, lakini safari hii ilijua inakotaka kwenda. Siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa Mombo, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, nimekalia fuko la mchele, nalitazama basi la kutoka Korogwe likisimama. Kijana mmoja akaketi kando yangu na kibakuli cha plamu.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Mgwashi. Nawahi Krismasi."

"Basi si uende? Gari la Soni hilo linajaa."

"Siwezi," nilimwambia. Mlangoni mwa basi kofia ya viua ilikuwa imetokeza, na chini yake mguu mmoja uliovaa katambuga ukiitafuta ardhi taratibu, kiubavu, kama kaa. Nikasimama, nikauweka mchele kichwani. "Krismasi yenyewe ndiyo ile inashuka."